Daraja la tatu, furu, na kile kisanduku cha "nyinginezo"

Jumatano iliyopita nilikaa kwenye kiti cha plastiki kuanzia saa tatu asubuhi mpaka karibu saa kumi na moja jioni, kwenye ukumbi wa chuo kimoja hapa Mwanza, nasikiliza watu watatu wakielezea tafiti zao. Wa kwanza dada mmoja wa mambo ya fedha, anatafiti hati fungani za kijani. Wa pili injinia, yeye anafuatilia usalama wa madaraja. Wa tatu ni mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ambaye huu mwaka wa pili sasa kazi yake ni kutenganisha furu na furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Mi nilienda kwa ajili yake tu, aliniomba nimpige picha akiwa mbele ya watu ili mama yake azione. Sikutegemea kama nitarudi nyumbani nikose usingizi.

Mwanzoni nilidhani wamewekwa siku moja kwa sababu ya uhaba wa ukumbi. Hela, zege na samaki, wapi na wapi. Lakini kadiri walivyokuwa wanaongea nikaanza kuona wote wanahangaika na kitu kimoja, yaani nani anaamua hiki kiingie kundi gani, na kikikosa kundi kinapotelea wapi.

Dada wa fedha alianza taratibu, maana ukumbini kulikuwa na watu kama mimi. Hati fungani ni wewe kumkopesha mtu mkubwa, serikali au benki au kampuni, anakulipa riba kwa vipindi mlivyokubaliana na muda ukiisha anakurudishia hela yako yote. Ikiitwa ya kijani maana yake aliyekopa ameahidi hiyo hela itaenda kwenye miradi ya mazingira, maji, umeme wa jua, vitu vya namna hiyo. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ilianza na ya kwake mwaka 2007, Benki ya Dunia ikafuata 2008, na kwetu hapa mambo yamekuja kwa kasi. Benki ya CRDB walitoa yao mwaka 2023, riba asilimia 10.25, wakaomba bilioni 40 wakaletewa zaidi ya bilioni 171! Mwaka 2024 mamlaka ya maji Tanga ikaingia sokoni kutafuta bilioni 53.12 za kupanua huduma ya maji, miaka 10, riba asilimia 13.5, na ikapata. Alafu ikaja ile ya miundombinu ya CRDB ya kuwawezesha makandarasi wa barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, lengo bilioni 150, zikakusanywa bilioni 323, na kiwango cha chini cha kununua kilikuwa laki tano. Laki tano ni hela ambayo mama wa mwaloni Kirumba, pale soko la samaki, anaweza kuwa nayo kwenye kibubu msimu wa dagaa ukiwa mzuri. Sio kitu cha matajiri wa Dar peke yao.

Sasa swali la utafiti wake ni hili: nani anasema huu mradi ni wa kijani? Anayekopa anaandika mwongozo wake mwenyewe, hela itatumikaje, miradi itachaguliwaje, fedha zitatunzwaje na ripoti zitatolewaje, alafu anatafuta mtu wa nje asome na kutoa maoni. Ni utaratibu mzuri, sikatai. Lakini mwongozo unaweza kuandikwa kwa upana mpaka kila kitu kikapita, ndio mtu anapaka rangi ya kijani juu ya kitu ambacho ndani ni kilekile cha zamani. Ulaya waliona hilo wakatunga sheria mwaka 2020, orodha ndefu ya shughuli zipi zihesabiwe na zipi zisihesabiwe, na hiyo orodha wameipa jina la taksonomia, neno lilelile wanalotumia watu wa wanyama wakipanga nani ni simba na nani ni chui. Na kwenye orodha hiyohiyo mwaka 2022 yakazuka mabishano makubwa kuhusu gesi na nyuklia, mwisho zikaingizwa kwa masharti. Dada akasema, na alisema akiwa ameshaacha kuangalia projekta anatuangalia sisi, kwamba hayo mabishano ndiyo utafiti wenyewe, kwa sababu mstari ukisogea kidogo tu hela nyingi sana zinahama upande.

Hapo ndipo nikamkumbuka mama.

Mama yangu anakausha dagaa. Sio mvuvi, hajawahi kumiliki hata kasia. Ananunua dagaa mbichi alfajiri mitumbwi ikirudi, anaanika, anauza kwa gunia. Zamani alikuwa anaanika kwenye mchanga kama wengine wote, na dagaa wa mchangani unawajua, ukitafuna meno yanalia, na mvua ikinyesha ghafla mzigo wa siku nzima unaoza unaona. Akataka kujenga vichanja, nguzo za miti na nyavu juu, dagaa wanapata hewa juu na chini, wanakauka haraka wakiwa safi, bei inapanda. Akaenda kuomba mkopo, taasisi sitaitaja. Nilikwenda naye. Kwenye fomu kulikuwa na visanduku: kilimo, ufugaji, uvuvi, duka, usafirishaji, nyinginezo. Tukatiki uvuvi, kijana wa dirishani akaomba leseni ya chombo. Chombo kipi? Mama hana chombo. Akasema basi tuhamie nyinginezo. Tukatiki nyinginezo, wiki tatu baadaye tukaambiwa biashara za kundi hilo ni hatari, riba ilikuwa ya kukatisha tamaa na dhamana wanataka nyumba. Mama alikunja ile karatasi mara nne akaiweka kwenye kanga, hakusema neno mpaka tunashuka kwenye daladala. Alafu akasema, "Mwanangu, kumbe mimi ni nyinginezo."

Kipindi cha maswali nilinyoosha mkono nikauliza, je vichanja vya dagaa ni kijani? Maana havitumii kuni kama kubanika, havitumii umeme, vinapunguza samaki wanaoharibika. Na wale wanaovua dagaa usiku wakiacha karabai za mafuta ya taa wakaenda kwenye taa za sola, je? Dada alinyamaza kidogo akaandika kitu kwenye daftari lake. Akasema kwa maelezo yangu vinafaa kabisa, shida hakuna aliyeviandika kwenye orodha, na kimoja kimoja ni vidogo mno kwa mtu wa hati fungani kuhangaika navyo, labda vikusanywe mia kwa mia viwe mradi mmoja. Nilimshukuru, na baadaye wakati wa chai nilimpa namba ya mama.

Injinia alikuwa mtu wa maneno machache. Picha yake ya kwanza ilikuwa daraja la Kigongo–Busisi, na ukumbi mzima ukachangamka, maana kila mtu wa huku ana stori yake ya kivuko. Wanaojua wanajua. Unatoka Sengerema na mgonjwa, unafika Busisi unakuta foleni ya magari imepanda kilima, kivuko kiko ng'ambo, unasubiri, mahindi ya kuchoma yanapita, mayai yanapita, mgonjwa amelala kiti cha nyuma anakuuliza tumefika? Daraja lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025, kilometa 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, na sasa ni dakika chache tu umeshavuka. Mi mara ya kwanza kulipita nilimwambia dereva apunguze mwendo, nilitaka kuona maji.

Yeye kilichomshughulisha ni miaka hamsini ijayo. Daraja jipya kila mtu analipenda, akasema, kazi ni kulipenda likiwa limezeeka. Akaeleza jinsi ukaguzi unavyokwenda, mtu anapita anaangalia kwa macho, anagonga zege kwa nyundo anasikiliza mlio, anapima upana wa nyufa, siku hizi wanafunga na sensa za kupima mtikisiko kwa sababu kila daraja lina mtikisiko wake wa kawaida na ukibadilika kuna kitu kimebadilika ndani. Mwisho wa yote anatoa alama. Marekani wanatumia 0 mpaka 9, tisa ni zima kabisa, sifuri limeshafeli. Na hapo akatupa mfano ambao nimeubeba mpaka leo. Agosti 1, 2007, jiji la Minneapolis, daraja la barabara kuu liliporomoka mtoni jioni watu wanatoka makazini, wakafa 13. Lile daraja halikuwa limesahaulika. Lilikuwa limekaguliwa na lilikuwa tayari kwenye kundi la madaraja yenye kasoro tangu mwaka 1990. Tatizo ni kwamba kwenye kundi hilo nchi nzima yalikuwemo mengine zaidi ya 70,000. Na uchunguzi ulipofanyika ikaonekana kilichoanza kushindwa ni sahani za chuma zinazounganisha mihimili, zilichorwa nyembamba tangu siku ya kwanza, karibu nusu ya unene uliotakiwa, kitu ambacho alama za ukaguzi hazikuwa zinakitafuta hata.

Madaraja 70,000 kwenye kapu moja. Ukiweka vitu vingi hivyo chini ya jina moja, umeshaacha kuviangalia.

Sijui kwa nini lakini injinia aliposema daraja lile la Minneapolis lilikuwa daraja la nne, yaani alama 4 kwenye ile 0 mpaka 9, mi kichwani lile neno likaanza kucheza. Kiswahili chetu kinaita daraja kile cha kuvukia na kinaita daraja kile cha kupangia watu, daraja la kwanza, la pili, la tatu. Na mtu wa Mwanza ukimwambia daraja la tatu na ziwa kwa pamoja, anajua unakwenda wapi.

Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba kuja hapa, ikiwa imeshakaribia. Ilikuwa na uwezo wa abiria 430. Waliokufa wanahesabiwa zaidi ya 800, na sababu ya kusema "wanahesabiwa" ni kwamba orodha ya abiria ilikuwepo ya daraja la kwanza na la pili tu, watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Ulilipa, ukapanda, basi. Wenye mikungu ya ndizi, wanafunzi, akina mama na watoto mgongoni, wale hawakuandikwa popote. Wengi wamelala Igoma, na wengine bado wako na ziwa. Shangazi yake mama alikuwa humo. Hatujawahi kuona jina lake kwenye karatasi yoyote. Bibi alikufa akiwa anasema labda hakupanda, labda aliahirisha, maana kama jina halipo mtu utaacha vipi kumsubiri?

Na mwaka 2018, Septemba 20, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu kabisa na gati la Ukara, watu wanaonekana kwa macho kutoka nchi kavu. Uwezo 101. Waliokufa walizidi 220. Mimi naamini idadi ya watu iliyoandikwa ubavuni mwa chombo ni sehemu ya chombo kama injini ilivyo, ukiipuuza umetoa bomba moja la injini ukasema twende.

Mdogo wangu alipanda baada ya chakula cha mchana, saa ambayo watu wanasinzia. Alikuwa anatetemeka mkono. Akaanza na picha ya furu wawili, madume, kila mmoja urefu kama kidole chako kirefu na zaidi kidogo. Mmoja mgongo mwekundu kama pilipili iliyoiva, ubavu una njano. Mwingine wa bluu ya kijivu na mistari ya kusimama kama punda milia. Kwa wazee wetu wote hao ni furu. Wataalamu jamii yao wameiita Pundamilia, ndiyo, kwa Kiswahili hichohicho, na yule mwekundu jina lake la pili ni nyererei, alipewa mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu. Nilisikia watu wakiguna kwa mshangao. Tunapita Kirumba kila siku, tumekula furu tangu utoto, hakuna aliyewahi kutuambia kuna furu anaitwa Nyerere.

Ziwa hili lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita. Likajaa tena, na ndani ya muda huo mfupi furu wakazaliwa aina zaidi ya 500, huyu anakula konokono, huyu anakwangua mwani kwenye mawe, huyu anakula mayai ya mwenzake. Miaka ya 70 furu walikuwa asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa hili. Watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walianza kuwahesabu hapahapa Ghuba ya Mwanza kuanzia 1977, wakawa wanatoa aina mpya kila wakishusha wavu, na wengi walikuwa bado hawajapewa jina rasmi wakati sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 50 na 60, alipolipuka kwa wingi miaka ya 80. Karibu aina 200 zinadhaniwa zimepotea. Kwa mnunuzi wa mwaloni kilichotokea ni kwamba furu wamepungua. Neno moja, kapu moja. Zilizopotea ni jamii nzima nzima zenye maisha yao, na sisi tuliokuwa tunazila hatukuwa hata na jina la kuzililia. Naelewa sangara alileta viwanda, alileta ajira, watu wamejenga kwa mabondo, vile vibofu vya sangara. Mama alinisomesha mwaka mmoja kwa mapanki, mifupa inayobaki viwandani. Bado inaniuma.

Siku iliyofuata nilimsindikiza kwenye kazi yake, kwenye miamba ya ufukweni. Alikuwa na ndoo ya plastiki, wavu mdogo, kamera na daftari lenye mistari ya maji. Akamtoa jike mmoja, kahawia tu, huwezi kumtofautisha na mwingine, akamfungua mdomo taratibu kwa kidole gumba na ndani nikaona mayai, ya njano, yamejipanga kama punje za mtama. Jike anaatamia mdomoni. Dume ana madoa ya njano kwenye pezi la chini yanayofanana na hayo mayai, jike akisogea kuyafuata ndipo mayai yaliyo mdomoni yanarutubishwa. Alimrudisha majini kabla sijamaliza kushangaa.

Akanieleza kitu ambacho ndicho kiini cha utafiti wake. Jike anamchagua dume kwa rangi. Wekundu wanaishi chini zaidi, wa bluu juu, na macho yao yamezoea mwanga wa kina chao. Maji yakiwa safi, wekundu wanakwenda na wekundu, bluu na bluu, aina mbili zinabaki mbili. Maji yakichafuka, udongo wa mashamba, maji taka, mbolea, mwani, mwanga unabadilika na jike hamuoni vizuri wa kwake. Wanachanganyika. Mwaka 1997 watafiti waliandika kwamba hilo linatokea, na ukienda kwenye visiwa vya kusini mwa ghuba maji yalipo mazito unakuta furu ambao sio wekundu na sio bluu. Yaani hakuna aliyewaua. Tumezima taa tu na wakapotezana.

Nilimuuliza na programu za kompyuta zinasaidiaje, maana kwenye semina yeye na injinia wote waliongelea kitu hichohicho. Akacheka akasema, dada, hiyo ndiyo tumeigundua juzi wakati wa chai. Yeye anaifundisha kompyuta kumtambua furu kwa picha, injinia anaifundisha kutofautisha ufa na kivuli kwenye zege, na wote wameanzia kwenye programu zilezile zilizofundishwa kwanza kwa picha zaidi ya milioni moja za makundi 1,000 ya vitu vya kawaida, ambapo zaidi ya 100 ni aina za mbwa. Unachukua kitu kilichojifunza kuona kupitia mbwa unakipeleka kwenye ufa wa daraja. Inafanya kazi, ila akaniambia kitu kimoja kinachomtisha: ukiipa kompyuta makundi mawili, nyekundu na bluu, ukimuonyesha yule asiyeeleweka haitasema sijui. Itamtia kwenye moja kati ya hayo mawili na itakupa na asilimia juu.

Kwa hiyo yeye anaandika kwa mkono kwanza. Furu namba kumi na nne aliyetoka siku ile alikuwa na wekundu uliofifia mgongoni na mistari yote ya yule mwingine. Mdogo wangu alimgeuza geuza kwenye mwanga, akampiga picha pande mbili, akampima, akakata kipande kidogo cha pezi akakitia kwenye kichupa. Kwenye safu ya jina hakuandika nyererei, hakuandika mchanganyiko, na hakuandika nyinginezo. Akaelezea rangi yake mistari mitatu mizima, na kina cha maji, na jiwe alilokutwa.

Jua lilikuwa linazama, ng'ambo kule daraja lilishawasha taa. Nikampigia mama kumpa salamu, nikamuuliza kama yule dada wa hati fungani ameshampigia, akasema bado. Alafu nikamuuliza shangazi yake, yule wa meli, alikuwa anaitwa nani kwa majina yake kamili. Kukawa kimya muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata. Akanitajia majina matatu, la kwake, la baba yake na la babu yake, na kijiji alichokuwa anatoka, na kwamba siku hiyo alikuwa amebeba kahawa ya kutafuna ya kutuletea. Nikamwomba mdogo wangu kalamu. Nikayaandika kwenye daftari lake, ukurasa uleule, chini ya namba kumi na nne.